Ukuta wa uani nao huhitaji kibali

Wakazi wengi wa Nairobi huamini kwamba mwenye hatimiliki anaweza kusimamisha banda au ukuta wa mawe uani bila kumwuliza mtu, maadamu si nyumba. Sivyo. Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 huhesabu kazi yoyote ya ujenzi juu ya ardhi kuwa uendelezaji unaohitaji idhini ya kaunti, na anayeanza bila idhini hiyo anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 500,000, kufungwa miezi isiyozidi miwili, au yote mawili. Ukuta wa kuzuia udongo, kwa maoni yangu, ndio usiofaa kabisa kuachiwa fundi peke yake: mvua za masika hulowesha udongo ulio nyuma yake, na ukikosa matundu ya kutolea maji, huinama, hupasuka, kisha huangukia kwa jirani.