Kutoka kanisani mpaka mandir, kilichonisumbua kwanza ni macho

Nafundisha dini linganishi, na karibu kila muhula kuna mwanafunzi anabaki darasani wenzake wakishatoka, anasogea anauliza kwa sauti ya chini, mwalimu, mtu aliyebatizwa akianza kuvutwa na Uhindu anaanzia wapi? Najua kwanini anashusha sauti. Na mimi nimelelewa Kilutheri kule Moshi, kwaya, kipaimara, Katekisimu Ndogo yote kichwani, na sasa ni miaka kadhaa naenda mandir, hekalu la Wahindu, Mtaa wa Kisutu hapa Dar, kwa hiyo haya siyaandiki kama mtu anayetazama kwa mbali.

Kwanza jina. Mtaani tukisema Mhindi tunamaanisha kila mtu, Ismailia, Bohora, Mgoa Mkatoliki, Kalasinga, wote tunawaweka kapu moja. Mhindu ni yule wazee wa pwani walimwita Baniani, ndo huyo wa Baniani mbaya kiatu chake dawa. Methali hiyo inaniuma, maana vizazi na vizazi tumeishi nao, duka lake tunalijua mpaka bei ya unga, sala yake hatuijui.

Sasa macho. Kanisani nilifundishwa kuamini kwa sikio. Paulo anawaambia Warumi imani chanzo chake ni kusikia, na Ulutheri wetu umesimama hapo hapo, mimbari, neno, mahubiri, wimbo. Jicho halina kazi kubwa, tena limeshaonywa, usijifanyie sanamu ya kuchonga. Ndo maana siku ya kwanza nilivua viatu mlangoni, nikaingia nikasimama nyuma kabisa nasubiri mtu ahubiri, na hakuna aliyehubiri. Kengele tu zinalia. Mama mmoja mtu mzima, Mgujarati, akanishika kiwiko, "Njoo mbele mwanangu, huko nyuma utaona nini?" Nikasogea. Pujari, yaani kuhani wao, kashika taa ya shaba, tambi tano zimelowa samli, anaizungusha taratibu mbele ya murti, yaani sanamu ya ibada, ya mungu Krishna, mwanga unapanda usoni unashuka miguuni unapanda tena, na yale macho makubwa ya murti yanawaka, yanafifia, yanawaka. Hiyo ndo arati. Ikiisha taa inaletwa kwa watu, kila mmoja anapitisha viganja juu ya moto halafu anavigusisha machoni. Yule mama akaniuliza, "umepata darshan?" Hakuniuliza naamini nini, na mpaka leo hajaniuliza.

Darshan kwa Kisanskriti ni kuona, ila kwenye ibada unaona na unaonwa, vyote kwa mpigo. Na murti haiabudiwi ikitoka tu kwa fundi, kuna ibada ya kuitia pumzi, prana pratishtha, na macho yake yanafunguliwa rasmi. Halafu angalia sikukuu ya Ganesh, mungu mwenye kichwa cha tembo, ile murti ya udongo inakaa siku zake, inalishwa, inaimbiwa, alafu inabebwa mpaka majini inazamishwa inayeyuka, na watu wanaiaga wakiomba arudi mwakani. Mtu anayeamini udongo ule ndio Mungu mwenyewe angewezaje kuuyeyusha huku anaimba? Hili nililitafakari muda mrefu kuliko chochote nilichosoma chuoni.

Swali la miungu mingi lina jibu la zamani sana. Kwenye Upanishadi ya Brihadaranyaka, moja ya maandiko ya kale ya Wahindu, mtu anamuuliza mwenye hekima Yajnavalkya miungu wako wangapi, anaambiwa 3,306. Sawa, lakini wako wangapi hasa? 33. Wangapi hasa? Sita, watatu, wawili, mmoja na nusu, mwisho mmoja. Napenda kwamba zile hesabu za mwanzo hazifutwi, muulizaji anazidi tu kuingia ndani.

Na jicho lenyewe linafika mahali linaishiwa. Upanishadi nyingine, Chandogya, inasimulia Uddalaka alivyomwambia mwanae Shvetaketu atie chumvi kwenye maji, arudi asubuhi. Asubuhi anamwambia, nipe ile chumvi. Kijana anatafuta, haioni. Onja juu. Chumvi. Onja katikati. Chumvi. Onja chini. Chumvi. Ndo baba anamwambia kilichopo kipo hapa hapa ingawa hukioni, na wewe Shvetaketu ndiwe hicho. Hapa ndo Wakristo wengi wanakwama, mimi nilikwama, kwa sababu tumelelewa tukijua Muumba ni Muumba na kiumbe ni kiumbe. Ila ujue Wahindu wenyewe wamebishana hapo hapo kwa karne nyingi. Chukua walimu wao watatu wakubwa wa zamani: Shankara anasema ni kimoja, Madhva anasema Mungu na roho ni tofauti na watabaki tofauti, Ramanuja anasimama njia yake kati yao.

Wafuasi wa Ramanuja kule kusini mwa India waligawanyika kuhusu neema, yaani neema kabisa, hii yetu. Kundi moja likasema roho ni kama mtoto wa nyani, lazima ajishikilie kwa mama yake. Wengine wakasema hapana, ni kama mtoto wa paka, mama anambeba kwa mdomo, yeye hafanyi chochote. Nilimsimulia mama yangu kwa simu, akanyamaza kidogo, akasema, "Hiyo ya paka ndo tuliyofundishwa kipaimara." Ndiyo mama.

Wanaouliza kama Mwafrika anaweza kuwa Mhindu, wamsome Swami Ghanananda, Mghana aliyeanzisha monasteri Accra mwaka 1975. Na wanaouliza kama lazima uache kanisa, nawaambia habari za Henri Le Saux, mmonaki Mfaransa aliyekwenda India 1948, akakutana na Ramana Maharshi, mtakatifu wa Kihindu, akakaa kwenye mapango ya Arunachala, mlima mtakatifu wa huko, akajiita Abhishiktananda, na akabaki padri mpaka alipofariki 1973. Alivutwa huku na huku miaka yote hiyo, na hakuharakisha.

Mimi ninapokwama mpaka leo ni kwenye kuzaliwa upya. Hesabu ya karma, kwamba matendo ya mtu yanamfuata mpaka maisha yajayo, naielewa, naifundisha, na Gita, kitabu kitakatifu cha Wahindu, sura ya pili inasema roho inavua miili kama mtu anavyobadili nguo zilizochakaa. Lakini baba yangu amelala kihambani, chini ya migomba yake, na kila Desemba tukipanda Moshi tunasafisha kaburi, mama anaanzisha wimbo, na kwenye wimbo ule baba anangoja ufufuo pale pale alipo. Naimba nao, sauti ya tatu, kama nilivyofundishwa kwaya.