Sungura wa mtaani: yanayosemwa na yaliyo kweli

Jua likikaribia kuzama katika mitaa ya makazi ya Minneapolis, Chicago au Columbus, nchini Marekani, sungura hujitokeza mbele ya nyumba za watu. Ni wa rangi ya kahawia, mkia mweupe kama pamba, wanakula nyasi huku masikio yakizungukazunguka. Kitaalamu wanaitwa Sylvilagus floridanus, na makazi yao ya asili yanaanzia kusini mwa Kanada hadi kaskazini mwa Amerika ya Kusini. Kwa sisi tunaoishi huku, hii ni starehe isiyo na kiingilio. Lakini yapo mengi yanayosemwa juu yao, na baadhi yanawaletea kifo.

Dhana: Watoto waliokutwa peke yao wametelekezwa

Naanza na hii kwa sababu madhara yake ni makubwa kuliko ya nyingine zote. Sungura huyu hachimbi handaki. Mama huparua kishimo kifupi kwenye nyasi, mara nyingi katikati ya ua palipo wazi kabisa, akakitandika majani makavu na manyoya aliyojinyofoa tumboni, kisha akakifunika. Watoto huzaliwa hawaoni na hawana manyoya. Mama hakai nao. Huja alfajiri na jioni, akanyonyesha dakika chache, akaenda zake. Angeshinda pale, angewaonyesha mbweha na paka kiota kilipo. Kwa hiyo anayekigundua kiota saa sita mchana, ni kawaida asimwone mama.

Ukibaki na wasiwasi, laza nyuzi mbili zilizopishana juu ya kiota jioni, ukaangalie asubuhi. Zikiwa zimesogea, mama amepita. Baada ya wiki moja hivi watoto hufumbua macho, na wakifika wiki tatu huhama wakiwa hawajazidi ngumi ya mtu mzima. Hapo ndipo wenye huruma wanapokosea. Wanamwona mdogo, wanamtia kwenye boksi, wanampa maziwa ya ng'ombe. Wengi hufa kwa kuhara, au kwa hofu tu ya kushikwashikwa. Mtoto wa sungura mwenye macho wazi, masikio wima, anayekimbia akikuona, ameshaanza kujitegemea. Mwache.

Wanaohitaji msaada ni waliojeruhiwa, waliowahi kuwa mdomoni mwa paka, au ambao mama yao ameonekana amekufa. Hao pigia simu wahudumu wa wanyama pori wenye kibali. Kuwalea mwenyewe nyumbani bila kibali ni kosa la kisheria katika majimbo mengi.

Dhana: Mama akinusa harufu ya mtu huwakataa wanawe

Si kweli. Mtoto mchanga aliyetoka kiotani kwa bahati mbaya, au aliyefukuliwa na mbwa wako, mrudishe kwa upole, funika kama palivyokuwa, ondoka. Mama ataendelea kumnyonyesha.

Dhana: Hawa ni sawa na wa kufugwa, au na wa porini kwetu

Sungura wa kufugwa ametokana na sungura wa Ulaya, Oryctolagus cuniculus, ambaye huchimba mahandaki na kuishi kwa makundi. Wa mtaani huku kila mmoja huishi kivyake, na hawa wawili hawawezi kuzaliana. Kumfungulia wa kufugwa "akaungane na wenzake" ni kumpeleka kwenye kifo. Wa nyika za Afrika Mashariki nao wengi ni wa jamii ya Lepus, ambao watoto wao huzaliwa na manyoya na macho wazi.

Wapo pia wanaowaita panya wakubwa. Wanasayansi waliwatenga na wagugunaji, kundi la panya na jamaa zake, tangu 1912. Nyuma ya meno ya mbele ya juu, sungura ana mengine mawili madogo ambayo panya hana.

Dhana: Hula karoti, na wakati wa baridi hulala hadi theluji iishe

Chakula chao ni nyasi, klova na majani ya dandelioni. Theluji ikifunika hivyo vyote, hutafuna magome na vitawi. Hawalali msimu mzima. Nenda nje asubuhi theluji ikiwa mpya uone nyayo zao: alama mbili kubwa zilizo mbele ni za miguu ya nyuma, kwa sababu akiruka huitupa ikapita ile ya mbele.

Mwenye bustani ya mboga asitafute sumu. Wavu wa waya wenye kimo cha sentimita 60, matundu yasiyozidi sentimita 2.5, ukafukiwa kidogo chini, unatosha.

Dhana: Wana kichaa cha mbwa

Ni nadra mno. Ugonjwa wa kuzingatia ni tularemia, maambukizi ya bakteria yanayoweza kumpata mtu kutoka kwa sungura, hivyo usishike mzoga bila glovu. Mwaka 2000, kwenye kisiwa cha Martha's Vineyard, watu kadhaa waliugua tularemia ya mapafu, na uchunguzi ukaihusisha na ukataji wa nyasi na vichaka. Kagua nyasi kabla ya kupitisha mashine. Utaokoa na viota pia. Kutazama kwa mbali hakuambukizi chochote.

Dhana: Hakuna cha kutazama, wanakula tu

Anayesema hivi hajawaona majira ya kupandana. Dume na jike husimama wakitazamana. Ghafla mmoja anaruka juu, mwenzake anapita chini yake mbio, wanageuka, wanatazamana tena. Mwewe akipita, wote huganda. Adui akikaribia zaidi, hukimbia kwa kukata kona huku na huku. Macho yao yako pembeni mwa kichwa, wanaona karibu pande zote, ndiyo maana kuwanyemelea hakusaidii. Kaa dirishani, zima taa, tulia.

Mbwa mfunge kamba asubuhi na jioni. Paka abaki ndani, hasa Machi hadi Septemba, wanapozaa.