Bushi za difu kwenye MX-5 kuukuu: yanayosemwa gereji na ukweli wake

Unaachia klachi, gari linaanza kuondoka, mara chini yako panagonga "ko!" Ukikanyaga mafuta na kuachia ukiwa njiani, linarudia. Wenye Mazda MX-5 za kizazi cha kwanza, zile za 1989 hadi 1997 ambazo Japani ziliuzwa kwa jina la Eunos Roadster, wanaujua mlio huo, na wengi wao wameshauriwa vibaya.

Mlio huo unaweza kutoka kwenye bushi za difu, ile gia ya nyuma inayogawa nguvu ya injini kwa magurudumu mawili. Kwanza tuelewe difu ya gari hili inavyokaa. Ina mikono miwili, kushoto na kulia, na kwenye ncha ya kila mkono kuna bushi moja: mpira uliogandishwa kwenye pete ya chuma. Hizo mbili ndizo zinazoishika kwenye fremu ya nyuma. Pua yake haina bushi. Imefungwa kwa bolti kwenye PPF, boriti ndefu ya alumini inayoiunganisha difu na gia boksi.

"Inagonga, basi difu imekwisha."

Ushauri huu ndio unaowatia watu hasara kubwa zaidi. Difu iliyochoka ndani huvuma au kulia kwa sauti inayopanda na kushuka kadiri ya mwendo, kwa sababu kinacholika ni meno na beringi. Kishindo kimoja pale nguvu inapogeuka upande ni dalili ya kitu kilicholegea: bushi, krosi za propela (shafti inayopeleka nguvu kutoka gia boksi hadi difu) au viungo vya ekseli. Kubadilisha oili hakukiondoi. Na ukikimbilia kununua difu ya mtumba, kumbuka bushi zimo kwenye mikono yake, kwa hiyo utauziwa na bushi zenye umri uleule.

"Barabara mbovu ndizo zinazoziua."

Mashimo huua bushi za suspensheni. Difu imefungwa kwenye fremu, haipandi na kushuka pamoja na gurudumu. Kinachoitesa ni torki, yaani nguvu ya kusokota. Injini ya 1.6 ya gari hili hutoa takribani Nm (nyutoni mita) 136. Gia ya kwanza inaizidisha mara 3.136, na difu inazidisha tena mara 4.3. Ikifika kwenye ekseli, ukiacha inayopotea njiani, ni zaidi ya Nm 1,800. Nguvu hiyo inayosukuma magurudumu kwenda mbele inalisokota gamba la difu kinyume, pua ikitaka kuinuka. PPF inaikamata pua, bushi mbili zinakamata nyuma. Dereva anayeachia klachi kwa ghafla kwenye lami safi atazimaliza mapema kuliko anayepita barabara ya vumbi kwa utaratibu.

"Gari limetembea kidogo, bushi bado nzima."

Mpira huzeeka hata gari likiwa limeegeshwa. Joto na hewa huukausha, na oili inayovuja kwenye sili za ekseli huulainisha na kuuvimbisha. Usifunge bushi mpya chini ya sili inayovuja.

"Nimechungulia, ziko sawa."

Gari likiwa limetulia, mpira uliochanika hurudi mahali pake na ufa unafumba. Tena nyufa ndogo za juu juu si kitu. Kinachotafutwa ni mpira ulioachana na chuma, na hilo huonekana mzigo ukiwepo. Pandisha gari kwenye stendi, ingiza mtaimbo mfupi kati ya mkono wa difu na fremu, halafu bembea taratibu. Bushi nzima inanyumbuka kidogo na kurudi. Iliyokufa inaruka na kugota chuma. Njia nyingine ni kuifunga simu chini ya gari ikirekodi, gari likiwa chini, magurudumu yamewekewa vigingi na hendibreki imevutwa. Weka gia ya kwanza, inua klachi kidogo mpaka gari lianze kuvuta, kisha ikanyage tena. Asiwepo mtu chini au mbele ya gari. Kwenye video utaiona difu ikitingishika.

"Poliurethani ni bora kuliko mpira."

Bora kwa nani? Bushi nyingi za poliurethani zina ugumu kati ya 80 na 95 kwa kipimo cha Shore A, na mpira wa kiwandani huwa laini zaidi. Difu itatulia na gari litaitikia mafuta upesi, ila mvumo ambao mpira ulikuwa unaumeza sasa unaingia ndani ya gari dogo lenye paa la turubai. Anayekwenda nalo kwenye mashindano atafurahi. Anayelitumia kila siku, mimi ningemwambia arudishe mpira. Sifa moja ya kweli ya poliurethani ni ufungaji: nyingi huja vipande viwili vinavyoingia kwa vaisi, bila presi kubwa.

"Choma mpira, utatoka wenyewe."

Tafadhali usifanye hivyo. Tangi la petroli liko nyuma ya viti, karibu kabisa na difu, moshi wa mpira ni sumu, na joto huharibu sili. Itoe difu, toboa mpira kwa drili, kisha ikate pete ya nje kwa msumeno bila kugusa ukuta wa mkono. Kabla hujafungua PPF, weka jeki chini ya gia boksi. Haina kishikio chake cha nyuma, PPF ndiyo inayoibeba, na bila jeki mkia wake unashuka.

"Kaza bolti gari likiwa limeshuka chini."

Kanuni hiyo ni ya bushi za suspensheni, ambazo husokotwa gurudumu linapopanda. Difu haisogei na gurudumu, hivyo unaweza kukaza gari likiwa kwenye stendi. Kipimo cha kuangalia hapa ni kimo cha PPF upande wa gia boksi, ambacho kimo kwenye kitabu cha karakana cha Mazda. Kikikosewa, propela inakaa kwa pembe isiyo yake, na gari lililoacha kugonga linaanza kutetemeka.