Kabla ya Rangi: Kufufua Jiliwa la Zamani la Karakana

Hapa Tanga majiliwa mazuri ya zamani, yaani vaisi za kubania chuma juu ya meza ya kazi, hayajaisha. Karakana nyingi za mashamba ya mkonge, za reli na za shule za ufundi zilipata vifaa vyao kutoka Uingereza, na miongoni mwavyo yalikuwamo majiliwa ya Record, yale ya buluu, yaliyotengenezwa Sheffield na kampuni ya C. & J. Hampton iliyoanzishwa 1898. Leo unayakuta kwa wauza chuma chakavu, yanapimwa kwa kilo pamoja na ngoma za breki. Hilo linaniuma. Vaisi ya Record No. 3, yenye mataya ya inchi 4, ikisafishwa vizuri inaweza kufanya kazi miaka mingi mingine, wakati mpya ya bei rahisi inaweza kuanza kucheza taya mwezi uleule uliyoinunua.

Wengi wanaoniletea picha za majiliwa waliyoyafufua wananionyesha rangi. Rangi inang'aa, herufi zimejazwa nyeupe, kila kitu kinapendeza. Nikishika mpini, taya halisogei, au linasogea kwa kukwaruza, kwa sababu rangi imeingia hadi mahali pa kuteleza. Kwa hiyo naomba tuelewane mapema kwamba jiliwa lina nyuso za aina mbili. Kuna zile zilizobaki na ngozi ya kalibu, yaani mwili wa nje, kitako na mgongo wa taya, ambazo chuma cha kusubu, yaani kilichoyeyushwa na kumiminwa kalibuni, kilivyotoka ndivyo kilivyoachwa. Kuna na zile zilizochongwa kwa mashine baada ya kusubiwa: boriti ya taya la mbele inayoingia mwilini, tundu inamopita, makao ya sahani za meno (vile vipande vya mataya vinavyoshika kazi), hesi za skrubu kuu (mikato yake ya kuzunguka) na uso wa fuawe nyuma, pale pa kugongea kwa nyundo, kama upo. Za kwanza zinahitaji rangi, za pili zinahitaji mafuta. Kazi nzima ya kusafisha na kupaka ni kuzitenganisha hizi mbili na kutozichanganya hata mara moja.

Kabla hujatoa hata senti, tafuta ufa. Chuma cha kusubu kinabeba mgandamizo vizuri sana lakini hakipendi kuvutwa wala kugongwa, na ufa wake unaweza kufichwa na grisi na vumbi la miaka. Ligonge kidogo kwa nyundo ndogo: mwili mzima unatoa mlio, wenye ufa unatoa sauti butu. Mlio peke yake hautoshi, kwa hiyo mimi natumia mafuta ya taa na chaki. Safisha sehemu unayoishuku, paka mafuta ya taa, acha robo saa yapenye, kisha futa kwa kitambaa kikavu mpaka pasibaki unyevu juu. Halafu pakaza unga wa chaki nyeupe. Kama kuna ufa, mafuta yaliyojificha ndani yatapanda taratibu na kuchora mstari mwembamba wa kijivu juu ya ule weupe. Fanya hivyo chini ya taya la mbele linapoungana na boriti, kuzunguka tundu la skrubu, na kwenye masikio ya kitako ambamo bolti hupita. Mpini uliopinda unakuambia kwamba kuna mtu aliwahi kuuchomekea bomba ili aongeze nguvu, basi hapo tafuta kwa bidii zaidi. Ufa kwenye sikio la kitako unaweza kuchomelewa kwa shaba na mtu anayeijua kazi hiyo. Ufa kwenye shingo ya taya, mimi siununui kwa bei yoyote.

Kulifungua ni kazi ya subira. Katika majiliwa mengi ya kawaida unazungusha mpini hadi skrubu kuu iachane na nati yake, kisha unavuta taya la mbele na boriti yake nje. Skrubu inashikwa kwenye taya na ringi yenye pini upande wa ndani. Pini hiyo itoe kwa panchi inayolingana nayo, usitumie msumari. Nati kuu imejificha mwilini, na namna inavyofungwa inategemea mfano, kwa hiyo piga picha kabla ya kuitoa. Yale ya kufungua haraka kwa kitasa, yaani kishikio cha kubonyeza, yana springi na nusu nati (nati iliyokatwa nusu ili iweze kuachia skrubu), na hapo picha ni lazima.

Mahali pagumu kuliko pote ni skrubu za sahani za meno. Zina kichwa bapa kilichozama, zimekaa miaka kwenye jasho na unyevu wa bahari, na ukikosea mara ya kwanza mfereji wa bisibisi unaliwa. Anza kwa kuchokoa uchafu wote ndani ya mfereji kwa kipande cha blade ya msumeno. Tia mafuta ya kupenyeza (mchanganyiko wa nusu asetoni na nusu oili ya giaboksi ya otomatiki ni mzuri sana) na uache usiku kucha. Kesho yake tumia bisibisi ya kugonga yenye ncha inayojaza mfereji wote. Pigo la nyundo linavunja kutu huku linageuza. Ikikataa, pasha moto chuma kinachoizunguka, lakini kwanza futa mafuta yote na uyape muda yakauke, maana mvuke wa asetoni unaweza kushika moto hata mwali wa gesi ukiwa bado haujafika karibu. Skrubu iliyogoma kabisa inatobolewa, na nyingine inapatikana.

Grisi inatangulia kutu. Hili linarukwa, halafu mtu anashangaa kwa nini dawa ya kutu haikufanya kazi mahali fulani. Loweka vipande kwenye mafuta ya taa au dizeli, sugua kwa brashi ngumu, kisha osha kwa maji moto na sabuni ya unga. Ikiwa maji yanatengeneza matone juu ya chuma badala ya kutandaa, bado kuna mafuta.

Kuhusu rangi ya zamani, kuwa mwangalifu. Rangi za viwandani za miongo iliyopita mara nyingi zilichanganywa madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto. Usiisage kavu kwa grainda. Itoe kwa dawa ya kulainisha rangi, au isugue kwa msasa wa maji ikiwa imelowa, vaa barakoa na glovu, na usifanyie kazi hiyo uani ambako watoto wanacheza.

Sasa kutu. Watu wengi wanakimbilia diski ya kusagia. Tafadhali, diski hiyo iweke mbali na jiliwa. Inakula ngozi ya kalibu, inafuta herufi na namba, na ikigusa boriti inaacha mashimo ambayo hakuna grisi itakayoyaziba. Brashi ya waya inatosha kwa mwili wa nje, na hata hiyo kwa miwani, kwa sababu nywele zake zinachomoka na kuruka kwa kasi.

Kwa vipande vyenye kutu nzito natumia umeme na magadi. Chukua ndoo kubwa ya plastiki, ijaze maji ya kufunika kipande, na kwa kila lita 4 tia kijiko kimoja cha mezani cha magadi soda ya kufulia. Magadi ghafi ya sokoni yale ya kupikia maharage huwa na chumvi na udongo, kwa hiyo hayafai hapa. Chumvi ikipitiwa na umeme inaweza kutoa gesi ya klorini. Tundika kipande cha jiliwa katikati. Pembeni zamisha vyuma chakavu vya kawaida, kama nondo au bati la chuma lisilo na zinki, visiguse jiliwa. Chaja ya betri ya volti 12 inatosha: waya hasi kwenye jiliwa, waya chanya kwenye vyuma chakavu. Ukizigeuza, jiliwa ndilo litakaloliwa, kwa hiyo angalia mara mbili kabla ya kuwasha. Chaja za kisasa zinazotafuta betri kwanza huenda zikakataa kuwaka. Ile ya zamani yenye transfoma ndiyo nzuri.

Utaona mapovu madogo yakipanda kutoka kwenye jiliwa. Hayo ni haidrojeni, gesi inayolipuka, basi fanyia kazi nje penye hewa na usiwashe kiberiti karibu. Kutu nyekundu inageuka kuwa tope jeusi linalotoka kwa brashi ya kawaida, rangi ya zamani inalegea nayo, na chuma kizima hakipungui. Mambo mawili hayana mjadala kwangu: usitumie chuma kisichoshika kutu upande wa chanya, kwa sababu kromiamu yake inaweza kutoka majini ikiwa sumu kali, na usitie mkono ndooni kabla hujazima chaja ukutani. Springi nazo zibaki nje, maana haidrojeni inaweza kuingia kwenye chuma kigumu na kukifanya kivunjike kirahisi. Springi sugua kwa mkono.

Asiye na chaja anaweza kutumia siki. Inafanya kazi, ila ni tindikali, na haichagui kati ya kutu na chuma kama umeme unavyochagua. Chungulia kila saa chache, usiache kipande humo siku mbili kwa sababu umepata safari, na ukikitoa kisuuze kwa maji yenye magadi ili tindikali iliyobaki ife. Maji ya betri ya gari siyataki kabisa kwenye kazi hii.

Kwa njia yoyote uliyotumia, chuma kikitoka majini kinaanza kupata kutu mpya ya rangi ya chungwa ndani ya dakika chache, na kwa hewa yetu ya pwani ni kama kinakusubiri ugeuke. Kikaushe papo hapo kwa kitambaa, kisha kwa jua kali au hewa ya moto. Nyuso za kuteleza zipake oili mara moja. Za kupakwa rangi zisiguswe na mafuta, wala na vidole vitupu, kwa sababu jasho lina chumvi na alama ya kidole inaweza kurudi juu ya rangi baada ya wiki.

Kupaka rangi ndiko kwepesi kuliko yote yaliyotangulia. Ziba kwa tepu ya karatasi boriti, tundu lake, makao ya sahani na fuawe. Hesi zifunge kitambaa. Pangusa mwili kwa tina, ile ya kuyeyushia rangi. Paka praima ya kuzuia kutu, ile nyekundu ya redi oksaidi, koti moja jembamba, ingia kwenye kona na chini ya masikio ya kitako ambako kutu hupenda kuanzia. Ikikauka, sugua kidogo kwa msasa laini, futa vumbi, kisha paka rangi ya mafuta makoti mawili mepesi. Koti moja nene linateleza, linajaza herufi na kubaki laini ndani kwa muda mrefu. Usipake alfajiri chuma kikiwa na umande, wala mvua ikiwa inakuja. Rangi itakauka kwa kuguswa siku inayofuata, ila haijawa ngumu. Subiri wiki moja au zaidi, bonyeza ukucha mahali pasipoonekana, na kama unaacha alama, subiri tena. Puti ya kulainisha mwili siitumii. Ule ukwaru wa kalibu ni uso halali wa jiliwa, na puti inabanduka mara nyundo inapokosea njia.

Rangi gani? Record zilikuwa buluu, na mimi nazirudishia buluu. Kama lako ni la kiwanda kingine, tafuta mabaki chini ya kitako au nyuma ya sahani za meno, mahali ambapo jua na mikono havikufika.

Wakati wa kulifunga tena, tia grisi kwenye hesi na ndani ya nati, lakini juu ya boriti paka oili nyembamba tu, kwa sababu grisi iliyo wazi inakusanya unga wa chuma na kugeuka msasa. Makao ya sahani yakwangue mpaka yawe safi kabisa. Punje moja ya taka nyuma ya sahani inatosha kuipindisha. Meno yakiwa yamekwisha upande mmoja, jaribu kuigeuza sahani juu chini, ikiwa matundu yake yanaruhusu. Kisha weka vipande viwili vya karatasi, kimoja kila ncha ya mataya, kaza kidogo, na vuta. Vyote vikishika sawa, taya limenyooka. Kimoja kikitoka bure, rudi nyuma ya sahani kwanza kabla hujalaumu boriti.

Lifunge mezani kwa bolti zinazopita hadi chini, siyo skrubu za mbao, na taya la nyuma litokeze kidogo mbele ya ukingo wa meza ili bomba refu liweze kubanwa wima. Juu ya mataya pawe usawa wa kiwiko chako ukiwa umesimama. Kwenye kazi ya tupa, urefu huo ndio unaookoa mgongo. Kwa kazi laini kunja vipande viwili vya pembe ya alumini uviweke juu ya meno. Na jioni ukimaliza, pangusa boriti kwa kitambaa chenye oili na uache mataya wazi kidogo, yasibanane na unyevu katikati yake.