Nani anatengeneza hewa ya Arrakis?

Arrakis, sayari ya jangwa katika riwaya za Dune, haina bahari, haina mto, haina msitu. Kuna barafu kidogo kwenye ncha zake mbili, na kwingine kote ni miamba na mchanga. Hata hivyo mtu akishuka pale kutoka kwenye chombo cha angani anavuta pumzi bila mtungi wowote. Kitabu kinatoa vipimo vyenyewe: oksijeni asilimia 23, nitrojeni asilimia 75.4, kabonidioksidi asilimia 0.023. Hewa yetu ina oksijeni takriban asilimia 21. Kwa maneno mengine, jangwa lile lina oksijeni nyingi kuliko sisi wenye misitu ya Mau na Kakamega.

Mwanaikolojia akikutana na tarakimu hizo hawezi kuzipita. Oksijeni haina tabia ya kukaa bure hewani. Inashikana na chuma, inashikana na miamba, inaliwa na kila kinachooza, na isipotengenezwa upya itapungua mpaka iishe. Ukiikuta nyingi, ujue kuna kiumbe anayeitoa. Basi ni nani?

Kazi yangu ni maziwa ya magadi, yaani Nakuru, Elementaita na Bogoria, na nimeusoma mfululizo huu wa Dune kwa macho ya kazi hiyo. Kitabu cha kwanza kilitoka mwaka 1965. Mwandishi wake, Frank Herbert, alikuwa mwanahabari, na mwaka 1957 alikwenda Florence, kwenye pwani ya Oregon huko Marekani, kuandika habari za wataalamu wa kilimo waliokuwa wakipanda nyasi ili kuzuia machuguu ya mchanga yasifukie barabara na nyumba. Makala hiyo haikuchapishwa, ila mchanga haukumtoka kichwani. Ndiyo sababu Arrakis haisomeki kama pazia la nyuma ambalo watu wanapigania mbele yake. Ni sayari iliyofikiriwa kuanzia chini, kuanzia kwenye chembe.

Jibu la swali letu ni mnyoo.

Kila mtu anayeijua hadithi hii anamjua mnyoo wa mchanga, Shai-Hulud kama Wafremen, watu wa jangwa lile, wanavyomwita. Katika jangwa la ndani wameonekana wenye urefu wa zaidi ya mita 400. Nyangumi wa buluu, mnyama mkubwa kuliko wote tuliowahi kuwa nao duniani, hufika kama mita 30 tu. Watu humwangalia huyu mkubwa wakamsahau mdogo, na hapo ndipo wanapoikosa sayari nzima.

Kabla ya kuwa mnyoo, kiumbe huyu ni kiluwiluwi bapa kama kipande cha ngozi, nusu mmea na nusu mnyama, anayeishi chini kabisa ya mchanga. Kazi yake ni maji. Akikuta unyevu, yeye na wenzake wanaufungia ndani ya mifuko katika tabaka za chini, mahali ambapo jua haliufikii. Ndani ya mifuko hiyo vinyesi vyao vinachanganyika na maji na kuchacha. Gesi inajaa, shinikizo linapanda, mwishowe tope lote linalipuka hadi juu. Likikaangwa na jua na hewa linageuka kuwa kiungo, melange, kile ambacho himaya nzima inakipigania.

Mlipuko huo unaua viluwiluwi kwa mamilioni. Wachache wanaobaki wanajifunga na kulala, na baada ya miaka sita wanaamka wakiwa minyoo wadogo wa mita tatu hivi. Nao wengi huliwa na kaka zao wakubwa, au huangukia kwenye mfuko wa maji wakafa. Wanaopona ndio Shai-Hulud. Hao wakubwa wanatawanya kiungo jangwani, kiungo kinaliwa na vijidudu visivyoonekana kwa macho vinavyoitwa planktoni wa mchanga, na planktoni ndio chakula cha mnyoo. Planktoni anayepona naye anakua, anachimba kwenda chini, anakuwa kiluwiluwi. Na katika kusaga na kuyeyusha kwake chakula, tumbo la mnyoo linatoa oksijeni.

Napenda sana jinsi mduara huo unavyofunga. Mtoto anaficha maji ili mzazi asiyaguse, kwa sababu maji ni sumu kwa mnyoo mkubwa, na Wafremen humzamisha mnyoo mdogo wanapotaka kupata dawa yao ya ibada. Jangwa lile, kwa hiyo, limejengwa. Ni nyumba iliyojengwa na watoto kwa ajili ya wazazi wao.

Kama hilo linaonekana la kubuni kupita kiasi, fikiria hewa uliyoivuta sasa hivi. Dunia yetu changa haikuwa na oksijeni ya maana hewani. Iliongezeka kiasi cha miaka bilioni 2.4 iliyopita kwa kazi ya bakteria wadogo wa kijani-buluu walioanza kutumia mwanga wa jua kuvunja maji. Ukoo huo ungali hai, na mmoja wao ni spirulina, yule anayelifanya Ziwa Nakuru lionekane kama supu ya kijani na anayewalisha heroe wadogo. Hata rangi ya waridi ya ndege hao inatokana na chakula hicho. Viumbe kutengeneza hewa ya sayari ni historia yetu wenyewe.

Na maji kuwa sumu? Hapa Nakuru tumeishi nalo. Ziwa hili halina mto unaotoka. Mto Njoro, Makalia na Nderit huingia, maji yanaondoka kwa kukaushwa na jua tu, na chumvi zinabaki. Kwa kawaida pH yake, yaani kipimo cha ukali wa magadi, huwa kwenye 10, inayowasha macho na kufukuza karibu kila samaki. Spirulina anapenda hivyo hivyo, kwa sababu washindani wake hawawezi kuvumilia. Tangu takriban mwaka 2010 ziwa limepanda. Migunga ya kando imekufa ikiwa imesimama majini, na familia upande wa Mwariki na Barut zimepoteza nyumba. Magadi yalipozimuliwa, spirulina akapungua, na makundi makubwa ya heroe yakahamia Bogoria.

Mzee mmoja wa kando ya ziwa aliniuliza, "Mwalimu, maji si baraka? Mbona ndege wakimbie baraka?" Nikamwambia, "Mzee, ndege hawa riziki yao iko kwenye ukali wa ziwa. Maji yakiwa matamu, chakula chao hakipo." Akatikisa kichwa, akaniambia nyumba yake nayo iko chini ya hayo maji matamu. Sikuwa na la kuongeza.

Kitabu cha tatu kinaongeza jambo ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote. Viluwiluwi hawakuzaliwa Arrakis. Waliletwa kutoka mahali pengine wakati sayari ilikuwa na maji ya wazi, wakazaana kuliko mazingira yalivyoweza kuwamudu, wakafungia maji yote. Ndiyo maana tayari katika kitabu cha kwanza mtaalamu wa sayari anaona mabonde ya chumvi na kujua kuwa hapo palikuwa na maji. Sisi tuna mfano mdogo wa hilo. Miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 tilapia wadogo wa Ziwa Magadi waliletwa Nakuru ili wale viluwiluwi vya mbu. Wakashika. Wakaja mwari kwa maelfu na ndege wengine wala samaki, na ziwa lililokuwa la mwani na heroe likapata mnyororo mpya wa chakula ambao haukuwepo. Kisumu wanaijua hadithi hiyo kwa jina la mbuta, sangara aliyeletwa Ziwa Victoria, na kwao iliishia vibaya zaidi.

Sasa, mpango wa kuirudisha sayari iwe kijani. Mtaalamu wa sayari, Pardot Kynes, na baada yake mwanawe Liet, wanawafundisha Wafremen kupanda. Wanaanza na nyasi upande wa chuguu usiopigwa na upepo, kama walivyofanya wale wa Oregon, kisha nyasi ngumu zaidi, kisha mimea ya muda mfupi, na humo yumo mchicha, ndugu wa terere letu la sokoni. Hesabu yao ni kwamba wakipata asilimia 3 ya mimea inayotengeneza chakula, mfumo utajiendesha. Muda: miaka 300 hadi 500. Huu ni upandaji wa mfuatano halisi, na sioni kosa ndani yake kama mbinu. Mwisho wa kitabu cha kwanza mtawala mpya anaahidi kwamba jangwa litakuwapo siku zote, kwa ajili ya kiungo. Lakini mto haujui ahadi. Katika kitabu cha nne, miaka 3,500 baadaye, kuna misitu na maji yanayotiririka, na jangwa limebaki kipande kimoja kiitwacho Sareer. Minyoo wametoweka, na kiungo kimebaki akiba tu.

Kuna pengo moja ambalo siwezi kulifumbia macho. Mduara wa Arrakis unazunguka vizuri, ila hauna jua ndani yake. Planktoni anakula kiungo, kiungo kinatoka kwa kiluwiluwi, kiluwiluwi alikuwa planktoni. Nguvu mpya inaingia wapi? Nakuru ninaweza kukuonyesha kwa kidole: jua, spirulina, heroe. Kiluwiluwi anaitwa nusu mmea, lakini mmea gizani mita nyingi chini ya mchanga hausaidii kitu. Na mwili wa mita 400 unaopasua mchanga unataka nguvu nyingi mno.

Ningelirekebisha hivi. Katika majangwa yetu ya kweli wapo bakteria wa kijani-buluu wanaoishi chini ya vijiwe vya kwatsi, mahali ambapo mwanga unapenya na ukavu haufiki sana. Mpe planktoni wa mchanga kazi hiyo, milimita chache za juu, kwenye sayari nzima. Hapo nguvu ya jua inaingia na mnyoo anakuwa mchungaji anayechuja chakula kama heroe anavyochuja mwani. Gharama yake ni kwamba oksijeni sasa inatoka kwa planktoni moja kwa moja, na mnyoo si mtengenezaji wa hewa tena. Bado naamini ndiyo njia sahihi, ingawa hapo sehemu niliyoipenda zaidi ya sayari ile inaanguka.