Tetemeko hutafuta ghorofa laini na nguzo fupi

Michoro ya jengo lenye umbo la kipekee inaponifikia, kitu cha kwanza ninachotafuta ni mahali ukakamavu, yaani ugumu wa jengo kuyumbishwa, unapobadilika ghafla. Umbo lenyewe huja baadaye.

Mahali pa kawaida ni ghorofa ya chini iliyoachwa wazi kwa maegesho au maduka, huku zile za juu zikiwa zimejaa kuta. Ardhi ikitikisika, sehemu ya juu huyumba kama kipande kimoja na mjongeo wote huishia kwenye nguzo za chini. Katika hospitali ya Olive View, California, iliyopigwa na tetemeko mwaka 1971, ghorofa nne za juu zilikuwa na kuta za zege ambazo hazikushuka hadi msingi. Ghorofa ya chini ilibaki imeinama zaidi ya nusu mita. Kanuni za Marekani za mizigo ya majengo, ASCE 7, huiita ghorofa kama hiyo laini ikiwa ukakamavu wake haufiki 70% ya ule wa ghorofa iliyo juu yake. Tiba ninayoiamini ni kuta za zege zinazoshuka mfululizo hadi kwenye msingi.

Nguzo fupi ni hatari zaidi kwa sababu mara nyingi haimo hata kwenye mchoro. Nguzo ya mita 3 ikibanwa na ukuta wa tofali hadi mita 2 ili kupisha dirisha pana, hubaki na mita 1 tu ya kupinda. Urefu ukipungua mara 3, ukakamavu hupanda kwa kipeo cha tatu, yaani mara 27, hivyo nguzo hiyo hujibebesha mzigo wa wenzake na kupasuka kwa nyufa za umbo la X. Kuiongezea nondo za wima huiumiza zaidi: uwezo wa kupinda ukikua, nguvu ya kukata, ile inayoichana nguzo kimshazari, inayoweza kuifikia nayo hukua. Afadhali kutenganisha ukuta na nguzo. Kama ghorofa inatarajiwa kuyumba 1% ya kimo chake, ukuta wa mita 2 unahitaji pengo lisilopungua milimita 20 kila upande, lijazwe kitu laini, na ukuta ushikiliwe usianguke nje.

Majengo ya umbo la L ni bora kuyagawa vipande viwili kwa pengo. Shimo la lifti la zege likiwa pembeni, weka ukuta mwingine wa zege upande wa pili, la sivyo jengo litajisokota na nguzo za mbali zitaumia.

Yote haya hayafui dafu ikiwa ringi, vyuma vinavyozifunga nondo za wima, zimekosewa. Kwa nguzo ya milimita 300 kwa 300 yenye nondo za milimita 16, karibu na ncha za nguzo mimi hutaka nafasi kati ya ringi isiyozidi milimita 75, na ncha za ringi zikunjwe ndoano za nyuzi 135 zinazoingia ndani ya kiini cha zege. Za nyuzi 90 hufunguka zege la nje likibanduka. Kagua pia makutano ya nguzo na boriti: ringi za hapo hupitishwa kabla ya nondo za boriti kulazwa, kwa kuwa baada ya hapo fundi hana pa kuzipenyeza.