Siku nne Uluguru: mtu wa Dar hukwamishwa na unyevu

Swali la kwanza ninaloulizwa na watu wa Dar wanaotaka kulala kwenye milima ya Uluguru, Morogoro, ni la mwinuko. Mwinuko si tatizo. Kimhandu, kilele kirefu kuliko vyote pale, kimezidi mita 2,600 kwa kiasi kidogo tu, si Kilimanjaro. Kinachowarudisha watu njiani ni kulowa. Upande wa mashariki wa milima hii unaitazama Bahari ya Hindi. Upepo unaotoka baharini ukiufikia, hulazimika kupanda, unapoa, kisha unamwaga maji. Hata Julai, vumbi likitimka Morogoro mjini, msitu wa juu hudondosha matone usiku kucha.

Hesabu ya baridi ni rahisi: kila mita 1,000 unazopanda, joto hupungua takriban nyuzi 6. Dar ikiwa 28, kwenye mita 2,000 tarajia kama 16 mchana, na usiku chini ya hapo. Nyuzi 10 ukiwa mkavu unalala fofofo. Nyuzi 10 na fulana ya pamba iliyoloa jasho, huo ni mwanzo wa kutetemeka.

Kwa hiyo pamba iache nyumbani, jinzi pia. Huhitaji duka la bei mbaya: mitumba ya Karume ina jaketi laini za poliesta na sweta za sufu. Soma lebo, usiamini mkono. Beba seti mbili tu, moja ya kutembelea, nyingine ya kulalia, na ya kulalia haitoki kwenye hema. Asubuhi ya pili nguo za kutembelea zitakuwa bado mbichi na baridi kama samaki wa barafu. Zivae hivyo hivyo. Dakika 15 za kupanda zitazipasha. Anayevaa zile kavu "leo tu" ndiye atakayekosa cha kulalia usiku wa tatu, na hili ndilo kosa ninalolikemea kuliko yote.

Kifuniko cha mvua cha begi hakitoshi, maana maji hupita mgongoni kwako na kuingilia huko. Tandika ndani ya begi mfuko mzito wa kuwekea taka, weka kila kitu humo, sokota mdomo. Mzigo usizidi moja ya tano ya uzito wako: mtu wa kilo 70, kilo 14. Vizito vikae karibu na uti wa mgongo, usawa wa mabega; vikiwa nje vinakuvuta nyuma kwenye mteremko wa tope.

Chakula kikavu gramu 650 kwa mtu kwa siku kinatosha. Unga, dagaa waliokaangwa, karanga, sukari, dengu zilizokobolewa. Maharage makavu hapana: kwenye mita 2,000 maji huchemka kwenye nyuzi 93 hivi, utamaliza mafuta ya jiko kabla hayajalainika. Na jiko ni lazima ubebe, kwa sababu huu ni msitu wa hifadhi na kuni hazikatwi. Kibali kinatoka TFS, wakala wa serikali wa misitu, mwongozaji awe mwenyeji wa vijiji vya pale. Njia nyingi hupita mashambani kwa watu kabla ya msitu, na kupita bila kubisha hodi kwa mwenyekiti wa kijiji si ustaarabu.

Tunasimama saa 9 alasiri. Giza huingia mapema chini ya miti, na mahali pa hema huchaguliwa kwa macho. Tafuta pembe ya mgongo wa mlima, si kibonde, kwani kibonde hugeuka bwawa. Kisha piga magoti uangalie ardhi: ukiona mstari mweusi unaotembea, au njia nyembamba iliyolainishwa kama imepigwa msasa, hao ni siafu. Hama. Usibishane nao.

Turubai la chini ya hema ndilo huwaponza wengi. Likichomoza hata kidole kimoja nje ya ukingo wa hema, hupokea mvua inayoteremka ukutani na kuipeleka moja kwa moja chini ya mgongo wako. Likunje liingie ndani kwa upana wa kiganja, pande zote nne. Kamba za hema zivutwe upya kabla ya kulala, maana nailoni ikiloa hulegea na kitambaa cha nje kikigusa cha ndani maji hupenya. Acha tundu la hewa wazi hata kwa baridi: pumzi za watu wawili zinatosha kulowesha hema kwa ndani.

Mwenzako akianza kukwaa ulimi kwa baridi, au akashindwa kugusisha kidole gumba na kidole cha mwisho, msisubiri kambi. Vua vilivyolowa, mvike vikavu, mfunike, mpe chai ya moto yenye sukari nyingi. Pombe kali usimpe: hupanua mishipa ya ngozi na kuutoa nje ule moto uliobaki.

Choo chimba sentimita 15 hadi 20, hatua 80 au zaidi kutoka kijito. Vijito hivi vinaingia Ruvu, na Ruvu ndiyo inayotoka kwenye bomba lako Kinondoni.

Ukishuka kwa treni ya SGR jioni ile ile, hema usiliache kwenye begi mpaka Jumamosi. Kwa unyevunyevu wa Dar siku mbili zinatosha kulitia ukungu, na utando unaozuia maji huanza kunata kama gundi. Litundike kivulini, zipu zote wazi, mpaka hata mishono iwe mikavu.